Kilichobaki Moyoni



Mwenye kukaa London anajua birika lake linavyofanya weupe ndani. Maji ya huku yamejaa chokaa, na birika jipya halichukui muda kabla halijashika utando. Sisi tuliosomea uhandisi na kuingia katika kazi ya boila, chokaa hiyo ndiyo iliyotusomeshea watoto. Tunaanza na habari za maji na chokaa kwa sababu ndivyo tulivyoyafahamu maradhi ya kaka yetu mkubwa, yaliyogunduliwa mwaka 2022.

Maradhi yenyewe ni amiloidosisi ya minyororo myepesi, na madaktari huyaandika kwa herufi mbili tu, AL. Chanzo chake kimo ndani ya uboho wa mifupa. Humo mna seli zinazotengeneza kingamwili, yaani wale askari wa damu wanaokamata vijidudu. Kila kingamwili imeungwa kwa vipande vinne: minyororo miwili mizito na miwili myepesi. Kundi moja la seli likiasi, humwaga katika damu minyororo myepesi mitupu, tena yenye kasoro. Minyororo hiyo hujikunja vibaya, hushikamana, huwa nyuzinyuzi, na nyuzi hizo hutuama kwenye moyo, figo, ini na mishipa ya fahamu. Moyo ukishikwa huwa mnene na mgumu, ukashindwa kujaa damu sawasawa.

Kabla ya kugunduliwa, kaka alizungushwa karibu mwaka mzima. Miguu ilivimba, akaambiwa ni presha. Pumzi ikapungua, akaambiwa apunguze uzito, na huku alikuwa keshakonda mpaka suruali inamporomoka. Mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni, jambo ambalo hakulisema kwa kuona haya. Hatumlaumu mtu. Maradhi haya ni ya nadra, na dalili zake zinafanana na za maradhi mengine chungu nzima. Lakini msomaji mwenye povu lisilokwisha kwenye mkojo na miguu inayovimba, au ulimi unaozidi unene, au madoa ya damu kuzunguka macho, asione haya kumuuliza daktari wake juu ya jina hilo.

Ili kuyathibitisha, hukatwa kipande kidogo cha mwili, mara nyingi mafuta ya tumboni, kikatiwa rangi iitwayo Kongo nyekundu. Kikitazamwa kwa hadubini yenye mwanga maalumu, amiloidi hugeuka kijani cha tufaha. Jina hilo lilitushughulisha sana. Kumbe rangi yenyewe ilitoka Ujerumani, ikaingizwa sokoni mwaka 1885, wakati mkutano wa Berlin wa mambo ya Kongo ulikuwa midomoni mwa watu na neno hilo likiuza bidhaa. Wakongo hawakuhusika hata kidogo. Na neno amiloidi nalo lina kichekesho chake: Rudolf Virchow, mwaka 1854, alitia iodini akaona kitu kinageuka rangi kama wanga, akakiita hivyo. Si wanga, ni protini, lakini jina limeshaganda.

Sasa tuje kwenye tiba. Dawa alizoanzishwa kaka kazi yake ni kuzipiga zile seli zilizoasi, ili minyororo isizidi kumwagwa. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha daratumumabu, dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya maradhi haya hasa, nayo yenyewe ni kingamwili iliyotengenezwa. Dawa ya moto ni moto, walisema wazee wetu. Dawa hizi zinafanya kazi. Baada ya miezi mitano damu ya kaka ilikuwa karibu safi. Moyo ulikuwa vile vile.

Mtu wa boila hashangai hapo. Ukiyatibu maji yanayoingia, chokaa mpya haishiki, lakini ile ya zamani ipo pale pale ukutani. Mwili una njia yake ya kuisomba amiloidi, ila huenda pole pole mno, na moyo uliochoka hauna subira hiyo. Ndipo likaja wazo la kingamwili za aina nyingine, zisizogusa uboho kabisa. Hizo huenda kujibandika kwenye nyuzi zilizotuama, zikawa kama alama ya chaki kwenye mzigo, ili seli zilaji za mwili zije zibebe. Yaani kingamwili inatumwa kuondoa takataka za kingamwili.

Wazo hili limepita mikononi mwa watu wengi. Pale London, Mark Pepys aliishughulikia kwa miaka protini iitwayo SAP, iliyomo katika damu ya kila mtu na ambayo hung'ang'ania amiloidi ya kila aina. Mpango ulikuwa wa hatua mbili: kwanza dawa ya kuiondoa SAP katika damu, kisha kingamwili ya kuifuata ile iliyobaki juu ya nyuzi. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 15, na kwa baadhi yao ini lilionekana kusafika. Nasi, tuliposoma hayo, tulidhani mlango umefunguka. Jaribio lililofuata likasimamishwa mwaka 2018. Mwaka huo huo lilisimamishwa Marekani jaribio kubwa la kingamwili nyingine, birtamimabu, kwa kuwa hesabu zilionyesha halitafika popote. Wenyewe wakarudi kwenye takwimu, wakaona kama wagonjwa walio mahututi zaidi ndio walionufaika, wakaanzisha jaribio jipya kwa ajili yao tu. Hao ni wagonjwa wa daraja la nne, ambao kwa hesabu za Mayo Clinic za mwaka 2012 nusu yao walikuwa hawapiti miezi sita. Kingamwili ya tatu, anselamimabu, asili yake ni maabara ya Alan Solomon huko Tennessee, nayo ikajaribiwa kwa wenye moyo ulioharibika.

Kaka aliingia katika mojawapo ya majaribio haya. Lipi, hiyo ni siri yake. Usiku wa kuamua tulikuwa kwenye simu watu sita, Muscat, Toronto na huku. Dada alilia: vipi mtu mgonjwa atiwe dripu na asijue kama ni dawa au ni maji matupu? Tulimweleza kuwa tiba ya kawaida anaipata vyovyote vile. Hakuridhika, na kusema kweli swali lake lina haki. Kaka ndiye aliyelimaliza: "Mwaka mzima nimemeza dawa za presha zisizonihusu. Hayo maji angalau kuna mtu anayaandika."

Matokeo yalitoka mwaka 2025. Mwezi wa Mei birtamimabu ilishindwa kuongeza uhai, ikaachwa. Mwezi wa Julai anselamimabu nayo haikufikia lengo lake kuu, ingawa watengenezaji walisema kundi moja la wagonjwa, lililokuwa limepangwa tangu mwanzo kuangaliwa peke yake, lilionyesha nafuu ya maana.

Sisi tuna fikra yetu, nayo ni ya fundi, si ya tabibu. Boila ikikaa na chokaa muda mrefu, chuma kilicho chini yake hupata joto kupita kiasi, kikachoka. Ukiikwangua chokaa yote siku hiyo, chuma hakirudi kuwa kipya. Majaribio haya yalichukua watu ambao chuma chao kilikuwa kimeshachoka, kwa sababu hao ndio wenye haraka, na kwa sababu huko ndiko jibu hupatikana upesi. Huenda usafishaji wenyewe si mbaya, ila umefika baada ya saa zake. Tungependa kuona ukijaribiwa kwa wale wanaogunduliwa mapema, na hao ni wachache kwa kuwa kila mmoja anazungushwa kama alivyozungushwa kaka.

Yeye yupo. Anapanda ngazi za nyumbani kwake kwa kupumzika mara moja, zamani zilikuwa tatu. Damu bado safi, moyo bado mnene. Kama alitiwa kingamwili au maji hajaambiwa. Tulipomuuliza kama atataka kujua, alisema tumuulize baada ya kipimo kijacho, sasa hivi anatia chai.