Bunduki Ndogo na Mashamba ya Ndanai

Msafiri aondokaye Kericho kwa njia ya Litein na Kapkatet huona chai pande zote mbili za barabara. Afikapo Kaplong, penye njia panda ya kwenda Bomet, hushika njia ya Sotik, na kutoka Sotik huifuata barabara ya Ndanai na Gorgor. Kadiri aendeleavyo ndivyo chai ipunguavyo, na mahali pake hushikwa na mahindi na malisho ya ng'ombe, yaliyozungushiwa nyua za miti. Ng'ambo yake ni nchi ya Transmara. Hiyo ndiyo Ndanai, nchi ya Wakipsigis.

Mahindi yakianza kukomaa, wageni wasioalikwa hufika. Tumbili hutoka katika miti ya mtoni mchana kweupe, na nungunungu huja usiku kuangusha mabua. Kwa mwenye ekari mbili, mistari kumi iliyoliwa ni karo ya mtoto iliyopotea. Ndipo mkulima asemapo, "Laiti ningekuwa na bunduki ndogo!" Neno hilo si la kuchekwa, yafaa lipimwe.

Bunduki inayotajwa ni ile ambayo tundu la mtutu wake lina upana wa sehemu 22 katika 100 za inchi, yaani kadiri ya milimita 5.6, kwa hiyo huitwa.22. Risasi ya bunduki kubwa ina fataki iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Hii haina fataki ya peke yake. Dawa ya kuwasha imetiwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bunduki huupiga ukingo huo. Ili ukingo ubonyee, hapana budi ganda liwe jembamba. Kwa sababu hiyo haliwezi kuhimili baruti yenye nguvu nyingi, na likiisha kulipuka halijazwi tena. Namna itumikayo zaidi ilitokea Marekani mwaka 1887, na mpaka leo haijabadilika sana.

Manufaa yake ni mengi. Risasi zake ni rahisi kwa bei, na sanduku la risasi 50 halifiki robo kilo. Haisukumi bega wala haipigi kishindo kikubwa, basi mwanafunzi hujifunza shabaha pasipo kuogopa. Katika Michezo ya Olimpiki, mashindano ya bunduki ya mita 50 hufanywa kwa risasi hii. Hata ganda tupu lisilo na risasi lina kazi: katika machinjio mengi hukisukuma chuma cha kumzimisha ng'ombe fahamu kabla ya kuchinjwa, na mafundi wa majengo hupigilia misumari katika zege kwa nguvu yake. Zamani za walowezi, bunduki ya namna hii ilikuwa chombo cha kawaida katika nyumba za wakulima wa Kizungu.

Lakini wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Risasi hii ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, lakini ikirushwa juu kidogo yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe au maji huruka upande usiotazamiwa. Shamba la mlowezi lilikuwa la mamia ya ekari, na aliyekosa shabaha huenda aligonga udongo wake mwenyewe. Katika Ndanai ya leo, ndani ya kilomita moja na nusu kutoka mti walipo tumbili kuna nyumba za majirani, shule, josho la ng'ombe na njia ya waendao sokoni. Bunduki hii ni ndogo kwa aibebaye, si ndogo kwa aliye mbele yake.

Sheria nayo haitazami udogo. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, bunduki ya .22 yahitaji cheti kama bunduki nyingine yoyote, na asiye nacho ni mkosaji. Zaidi ya hayo, uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977. Kwa hiyo hata mwenye cheti hana ruhusa ya kumpiga tumbili kwa sababu tu amekula mahindi yake.

Tena nchi hii ina kumbukumbu ya bunduki. Mwaka 1905 serikali ya Kiingereza ilipeleka jeshi Sotik, kwa ajili ya mateka na ng'ombe waliochukuliwa kutoka kwa Wamaasai, na watu wengi waliuawa kwa bunduki za Maxim. Miaka mingi baadaye, wizi wa ng'ombe mipakani uliendelea kuleta damu baina ya majirani. Palipo na jambo la namna hiyo, bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya nungunungu yaweza kuchukuliwa usiku kwa ajili ya mtu, na kazi iliyoanza shambani ikaishia kaburini.

Basi mkulima afanyeje? Majirani na wapande kwa wakati mmoja, ili hasara isimwangukie mmoja, na walinde kwa zamu pamoja na mbwa, pasipo kuwatoa watoto shuleni. Wavu uliozikwa chini kidogo humzuia nungunungu achimbaye. Wanyama wakizidi, ripoti ipelekwe kwa maafisa wa wanyamapori, wenye mamlaka na mafunzo ya kazi hiyo. Na apendaye shabaha aitafute mahali penye kiwanja halali, penye ukuta wa udongo nyuma ya alama. Huko bunduki ndogo huonyesha thamani yake yote, wala jirani hana haja ya kuinama.