Shosho alipolala hemani Elmenteita

Sisi watu wa Nairobi tukisikia likizo hufikiria mambo mawili tu: Mombasa kwa mwenye pesa na mashambani kwa asiye nazo. Lakini liko ziwa ambalo wengi wetu hupita kando yake tukielekea Nakuru, tukalitazama dirishani kwa dakika mbili, kisha tukaendelea kusinzia. Hilo ni Elmenteita. Likizo ya Agosti mke wangu alikata shauri kwamba safari hii tutateremka huko na kulala hemani, sisi na watoto wetu watatu, pamoja na mama yangu mzazi.

Watoto walishangilia. Mama alikataa katakata. Alisema mtu wa miaka themanini na ushei hana haja ya kulala chini kama mchunga mbuzi. Mke wangu alidhani ni baridi anayoogopa, lakini mimi nilijua liko jambo jingine.

Mama alizaliwa upande huo wa Gilgil, katika shamba la mlowezi, baba yake akiwa kibarua hapo. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu wengi waliofanya kazi katika mashamba ya Wazungu huko Bonde la Ufa walikusanywa na kurudishwa Kati kwa nguvu. Mama alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Tangu siku aliyopandishwa lori hakuwahi kurudi, na nyumbani kwetu habari hizo hazikuzungumzwa. Mimi mwenyewe nilizipata kwa marehemu mjomba. Watoto wangu hawakuwa wamezisikia hata chembe.

Aliyembadilisha nia ni kitinda mimba wetu. "Shosho, usipokuja nani atanifunga leso usiku?" alimuuliza. Alfajiri ya Ijumaa tukamkuta mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, kiondo mkononi.

Ukitaka kulala Elmenteita, beba maji yako ya kunywa. Ziwa lenyewe ni la magadi, halina mto wa kutoa maji nje, na jua likiyafyonza, chumvi hubaki. Maji hayo yasiyomfaa binadamu ndiyo neema ya heroe, ambao huchuja mwani mdogo kwa midomo yao iliyopinda. Mwari nao hutaga mayai kwenye visiwa vya mawe. Mwaka wa 2011 Elmenteita, pamoja na Nakuru na Bogoria, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Ng'ambo ya ziwa kuna kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali, na Wamaasai humwita shujaa aliyelala.

Kusimamisha hema kulituchukua saa nzima, na sitaeleza zaidi. Tulipika ugali na sukuma wiki, moshi ukatutoa machozi. Mama aliketi kwenye kigoda akiwa amekipa kilima mgongo. Watoto walipoenda kulala alibaki motoni, nami nikabaki naye. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Baridi ya huko usiku si mchezo. Nilipoamka asubuhi nilimkuta amegeuza kigoda, anakitazama kilima.

"Huyu hajazeeka," akasema.

Jumamosi tulikwenda Kariandusi, makumbusho madogo kando ya barabara kuu ya Nairobi na Nakuru. Mahali hapo paligunduliwa mwaka wa 1928 na msafara wa Louis Leakey. Utayakuta mashoka ya mawe yamelala chini pale pale yalipofukuliwa, na watu walioyachonga waliishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mengi ni ya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, kwani ni kioo kilichotokana na volkano. Mwelekezi alituonyesha pia udongo mweupe pe! ulio jirani. Huo ni maganda ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliozama chini ya ziwa la kale. Yaani pale tuliposimama, juu kabisa ya Elmenteita ya leo, palikuwa maji. Mwanangu wa Kidato cha Tatu, ambaye alikuwa ameng'ang'ania simu tangu tutoke Nairobi, aliinua macho kwa mara ya kwanza.

Mwelekezi alitoa kipande kimoja cha kioo hicho ili watoto wakishike. Kilipomfikia mama, alikigeuzageuza, akakiweka kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Ukali uko upande huu," akamwambia mvulana. "Mama yangu alitunyolea nywele kwa hivi. Vilijaa shambani."

"Shamba gani, Shosho?"

Akaonyesha kwa kidevu, upande wa mashariki. Kisha, akiwa amesimama pale pale, akawasimulia. Lori lilikuja maharagwe yakiwa bado motoni. Mama yake hakukubali kuyaacha. Aliipakia sufuria ikiwa ya moto vile vile, akaifunga kwa nguo, akaipakata njia yote huku mtoto mchanga akiwa mgongoni. Mbuzi walibaki. Kaka yake mkubwa alikuwa malishoni, na ilipita miezi miwili kabla hawajajua yu hai.

Binti yetu aliuliza kama maharagwe yaliliwa. Mama akacheka, na kicheko hicho sikukitarajia.

"Yaliliwa. Hayakuwa yameiva, lakini yaliliwa."

Mwelekezi, kijana wa rika la wanangu, alikuwa amenyamaza kitambo. Aliomba ruhusa aandike jambo hilo la kunyolea, na mama akamtajia pia jina la jiwe hilo kama walivyoliita wao.

Njiani mama aliuliza shule zitafungwa lini tena. Yule mtoto wa mgongoni, dada yake, bado yu hai huko Nyeri, na hakumbuki lolote.