Amana Haikai Mawinguni

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Hapa Mbeya wingu hushuka asubuhi likaufunika mlima Loleza, na ukimwuliza mtoto wa madrasa wingu ni kitu gani atakuonyesha kwa kidole. Lakini vijana wetu wa leo wana wingu jingine. Wasema hesabu za duka zimo katika wingu, picha za harusi zimo katika wingu, hata hesabu za fedha za simu zimo humo humo. Sisi tulikuwa tukilisikia neno hilo tukidhani halituhusu, mpaka likatufika jambo ambalo twalieleza hapa, si kwa kujifakhiri, bali kwa kutubu na kuwanasihi wenzetu.

Madrasa yetu ina mfuko mdogo. Wazazi hutoa ada, akina mama huchanga kila wiki, na ndani ya fedha hizo mna fungu la mayatima. Kwa miaka mingi hesabu yake ilikuwa katika daftari la mweka hazina wetu, bibi mtu mzima ambaye sote twamwita Mama Mkubwa. Mwaka 2022 tulishauriwa tuache mambo ya kizamani. Tukanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, na hesabu zote zikaingizwa humo. Mwezi wa Machi 2023, usiku wa mvua na radi, umeme ulikatika kisha ukarudi kwa nguvu, na asubuhi kompyuta ile haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akatwambia kuwa diski imekufa. Hesabu ya miezi kumi na mmoja ikapotea.

Fedha zenyewe hazikupotea. Kilichopotea ni ushahidi wake. Na ushahidi ukitoka, dhana mbaya huingia. Hapana mtu aliyemshitaki Mama Mkubwa waziwazi, lakini salamu zikawa fupi, na minong'ono ikawa mirefu. Hatimaye akaacha kuhudhuria darasa la akina mama. Na sisi, ambao kila siku twawafundisha watoto ubaya wa dhana na wa kusengenya, tulinyamaza.

Ilipofika Idi ya kuchinja, mwisho wa Juni, katika ile baridi yetu kali, alikuja kututazama kijana tuliyemfundisha alifu na be kabla wazazi wake hawajahamia Iringa. Sasa ni mhandisi wa programu Dar es Salaam, na kazi yake ni programu za fedha. Baada ya shikamoo na marahaba tulimsimulia msiba wetu, kisha tukamwuliza: "Je, mwanetu, lau tungaliziweka hesabu zile katika hilo wingu lenu, tungaliokoka?"

Akacheka kwa adabu. "Maalim, wingu haliko mbinguni. Ni kompyuta ya mtu mwingine, iliyowekwa katika jumba lenye walinzi, mitambo ya kupooza joto na majenereta. Kampuni ya Microsoft ilifungua majumba ya namna hiyo Afrika ya Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua yake Cape Town mwaka 2020. Diski za huko nazo hufa kama yenu ilivyokufa. Tofauti ni moja tu: mwenye jumba amekwisha kuweka nakala katika mashine nyingine kabla ya hii kufa. Ninyi hamkupotezwa na radi, Maalim. Mlipotezwa na kuwa na nakala moja."

Akatueleza pia kuwa habari ikitoka Mbeya kwenda ng'ambo hupita katika nyaya za nuru mpaka pwani, kisha huingia katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tuliuona ukweli wa maneno haya mwaka uliofuata, kwani tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini mwetu na katika nchi jirani. Basi hata hilo wingu lashikiliwa na uzi ulio chini ya maji.

Wala nchi yetu haikuanza jana kujifunza somo hili. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali kuingia matatani katika mashine, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Marufuku hayo yamekwisha zamani, na leo hatuwezi kuishi bila ya mashine hizo. Lakini onyo lake limebaki.

Tulimwuliza kijana: "Na mabenki je, hulindwa na nini?" Akajibu kuwa hulindwa na kanuni kabla ya kulindwa na mashine. Akatutajia Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, kwamba kampuni ya fedha za simu haina ruhusa ya kuzichanganya fedha za wateja na zake. Lazima ziwekwe benki katika akaunti ya dhamana, zilingane na zile zionekanazo katika simu. Akataja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo imevitia hata vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopeshana katika daraja la nne, navyo vyatakiwa kusajiliwa. Tena akatuonya juu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kuwa majina na hali za mayatima si vitu vya kutupwa ovyo katika mashine za watu.

Ndugu zetu, tulipokuwa tukimsikiliza tuliona haya. Katika hayo, lipi ambalo hatukufundishwa? Je, Aya ya 282 ya Suratil Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, haikuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi? Je, Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622 hakumwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe amana za watu, hali watu wenyewe walikuwa wakimtafuta kumwua? Kuandika si kumdhania mtu uhaini. Kuandika ni ngao ya mwaminifu siku atakapodhaniwa.

Basi kwa siku tatu tulikaa na kijana yule na Mama Mkubwa, ambaye tulimwendea nyumbani kwake sisi wenyewe kumwomba. Tulipata taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu; tulikusanya stakabadhi za mabati na saruji; naye Mama Mkubwa akatoa chini ya kitanda daftari lake la zamani, ambalo hakuacha kuliandika kwa siri, kwani moyo wake haukuiamini kompyuta. Hesabu ikasimama yote, ila shilingi 3,500. Tukazitafuta mpaka tukazipata: ni sisi tuliozichukua kununua chaki, tukasahau kuandika.

Ijumaa iliyofuata tulisimama mbele ya watu baada ya sala, tukasema hivyo, na tukamwomba Mama Mkubwa radhi. Alipotusamehe alisema: "Maalim, maneno ya watu niliyastahimili. Nilichokilia ni kuwa wewe wajua, nawe umenyamaza."

Tangu siku ile hesabu zetu zina nakala tatu. Moja imo katika hilo wingu, bila ya majina ya mayatima. Ya pili ni daftari la Mama Mkubwa, lenye saini za mashahidi wawili kila mwezi. Ya tatu hupanda basi kwenda kwa ndugu zetu wa madrasa moja ya Iringa, nao hutuletea ya kwao tuwawekee. Kijana wetu asema mabenki nayo hufanya vivyo hivyo, huweka nakala katika mji mwingine.

Enyi wenye mifuko ya misikiti, ya madrasa na ya maziko, tumieni mashine, wala msiziogope. Lakini mashine haitaulizwa Siku ya Kiyama. Tutaulizwa sisi. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutunza amana za watu na heshima za wanaozitunza. Amin.