Ushahidi Asiousikia Dereva

Hapana mali ya maskini iliyo bora kuliko jina lake jema. Nyumba ikiungua hujengwa tena. Lakini jina likiharibiwa faraghani, mwenyewe hajui hata pa kuanzia kulitengeneza. Haya twayasema kwa kuwa vijana wengi wa Songea leo hupata riziki yao katika malori: wapo wachukuao mahindi ya mkoa wetu kupitia Makambako, na wapo wachukuao makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, hadi bandari ya Mtwara.

Mmoja wao tulimsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo. Aliendesha lori la tajiri mmoja miaka sita, mkataba ukaisha, wakaagana kwa amani. Tajiri wa pili akamjaribu njiani, akamsifu, akamwambia aje Jumatatu. Jumatatu ikafika, akaambiwa nafasi haipo. Kwa wa tatu ikawa vivyo hivyo. Mwishowe utingo mmoja akamnong'oneza kuwa yule wa kwanza, kila aulizwapo kwa simu, hujibu kwamba kijana huyu ni mwizi wa mafuta. Alipokuja kwetu, kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa miezi miwili, na mkewe amekwisha kuanza kumtazama kwa jicho la shaka.

Alitaka kwenda kugombana. Tukamzuia, tukakaa naye tukaandika barua. Kwanza aliomba hati ya utumishi, ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, yamlazimisha mwajiri kuitoa ajira ikomapo. Pili aliomba aonyeshwe yaliyoandikwa juu yake, na yenye kosa yasahihishwe. Haki hiyo imo katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Baada ya majuma matatu jibu likaja. Katika jalada iliandikwa safari moja ambayo mafuta yalipungua. Na siku hiyo kijana alikuwa amelazwa hospitali, na kadi yake anayo! Lori lilichukuliwa na mwingine. Tajiri akalifuta kosa, akatoa hati. Lakini maneno yaliyokwisha kusemwa kwa simu hayakufutika, wala wale matajiri wawili hawakumwita tena. Kazi aliipata kwa wa nne, aliyeisoma hati.

Wazee wanakumbuka habari za kipande cha Kenya, kilichotokana na sheria ya 1915: Mwafrika alikichukua shingoni ndani ya kikopo cha bati, na ndani yake mwajiri aliandika habari za kazi yake. Dhulma ile ilionekana kwa macho, na watu wakaipinga, akiwamo Harry Thuku mwaka 1921. Kipande cha simu hakionekani. Mtu huchukuliwa na maneno asiyoyajua, na asiyoyajua atayajibuje?

Wenzetu wa Marekani hawakukataza kuulizana. Sheria yao yamtaka mwajiri wa malori achunguze mwenendo wa dereva wa miaka 3 iliyopita kwa waliomwajiri. Maana dereva mbaya huua watu. Lakini yampa dereva haki tatu: kuyasoma yaliyosemwa, kutaka kosa lisahihishwe, na, mwajiri wa zamani akikataa, kuambatisha maelezo yake mwenyewe. Twaona huo ni uadilifu kwa pande zote mbili.

Nanyi matajiri, ambao wengi wenu mwasali safu moja na madereva wenu, kumbukeni kuwa kumweleza mtu kwa mwenzake ni kutoa ushahidi. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukadhuru watu bila ya kujua. Semeni mliyoyathibitisha, na mumwambie mwenyewe kabla ya kumwambia mwingine.

Nanyi vijana, wekeni mikataba yenu, tarehe za safari na kadi za hospitali. Mkiachishwa kazi bila haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea shauri ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Na juu ya taarifa zenu iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Msinyamaze mpaka siku zikapita, wala msiende kwa ngumi. Barua moja yenye adabu na tarehe sahihi ina nguvu kuliko kelele za mwezi mzima.