Kutoka Uvira kupanda Bukavu: tusikilize gari



Barabara ya Uvira kwenda Bukavu wengi wetu tunaijua. Mmoja anaipita na magunia ya mchele, mwingine na ndagala, mwingine na mtoto mgongoni anayepelekwa hospitalini. Inaanza kando ya ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita karibu 770, na inafika ziwa Kivu, kwenye mita karibu 1,460. Gari letu, pamoja na watu na mizigo yote, linapanda karibu mita 700. Na gari linalopanda halifichi ugonjwa wake. Dereva akikanyaga mafuta, kilicholegea au kilichochoka kitalia.

Mimi ni mwalimu, si fundi. Lakini kila likizo napita njia hii, na mafundi wa Uvira na wa Bukavu wamejibu maswali yangu mengi. Mtoto akiniambia darasani kwamba anaumwa, namuuliza: wapi, na wakati gani? Kwa gari pia maswali ni hayo hayo.

Tuanze parkingi ya Uvira. Gari likiwa limesimama, bila vitesi, dereva akanyage mafuta kidogo. Sauti ikitokea hapo hapo, mara nyingi ugonjwa uko kwenye moteri au kwenye bomba la moshi. Isipotokea, na ikaja tu gari likitembea, tutafute kwenye magurudumu, kardani au bwati ya vitesi. Jaribio hili ni la dakika moja, na linamwokoa mwenye gari asinunue kipande ambacho hakijaharibika.

Kisha tunaingia bonde la Ruzizi: Sange, Luberizi, Luvungi. Njia ni tambarare, masikio yana nafasi. Mngurumo unaoongezeka kadiri gari linavyokimbia, hata dereva akiachilia mafuta, mara nyingi ni goroli za gurudumu zilizokwisha. Sauti ya ka-ka-ka gari likikata kona huku likivuta ni kardani: mfuko wake wa mpira umepasuka, grisi imetoka, vumbi limeingia. Mfuko ukibadilishwa mapema, kardani inapona. Ukiachwa, kardani nzima itanunuliwa, au itakatika njiani.

Tukipita Sange tunakumbuka mwezi wa saba 2010, lori la mafuta lilipoanguka na kuwaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Kwa hiyo harufu kali ya esansi ndani ya gari haingoji fundi. Gari lisimame, moteri izimwe, watu wote washuke na wakae mbali, na asiwepo wa kuwasha kiberiti.

Kamanyola ni mahali pa kuamua. Wengine wanavuka hapo na kupita upande wa Rwanda kwa Bugarama. Wanaobaki upande wetu wanaanza kupanda Ngomo. Mlima huku, korongo kule, na malori yanashuka mbele yetu. Kama gari limeonyesha dalili tatu hizi, turekebishe Kamanyola.

Ya kwanza: moteri inapiga kelele sana lakini gari haliongezi mwendo, na kuna harufu ya kitu kinachoungua. Hiyo ni klachi inayoteleza. Gari la namna hiyo lisipande Ngomo na watu ndani.

Ya pili: mlio mwembamba wa kukwaruza dereva akikanyaga mafuta. Ni mkanda wa moteri uliolegea au kuzeeka. Katika magari mengi mkanda huo unazungusha pampu ya maji. Ukikatika mlimani, moteri inachemka. Na moteri ikichemka, kifuniko cha radiateri kisifunguliwe mpaka ipoe, maana maji yake yanaruka na kuunguza uso.

Ya tatu: ti-ti-ti, kama maharagwe ndani ya kopo, gari likivuta mzigo. Mara nyingi esansi ni mbaya, labda ile ya chupa tunayonunua kwa kadhafi njiani, au dereva anapanda kwa vitesi kubwa. Ashushe vitesi, apunguze kukanyaga. Sauti isipokwisha, fundi aangalie.

Lakini sauti inayonitia hofu zaidi kwa ajili yetu wamama ni ya bomba la moshi: puf-puf-puf chini ya miguu, inayokua kila mafuta yakikanyagwa. Tunatoka kwenye joto la Uvira. Tukifika juu, karibu na Nyangezi, baridi inaanza. Tunafanya nini? Tunafunga vioo vyote ili mtoto asipate kikohozi. Kama bomba limetoboka, hapo ndipo moshi unakusanyika ndani. Sumu yake haina rangi wala harufu. Mkubwa anaumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, lakini mtoto mchanga anaonekana tu kama amelala. Fungueni vioo, simamisheni gari, watoto washuke wavute hewa. Kufunga bomba kwa waya kunazuia lisikokote chini, lakini tundu halizibwi na waya. Linahitaji fundi wa kuchomelea.

Najua shida yetu: mama akisema, dereva anaongeza sauti ya redio. Tuseme kwa heshima, lakini tuseme kitu chenye maana: “Ndugu shofere, kuna mlio chini ya miguu yangu, unakuja ukikanyaga mafuta tu, hata tukisimama.” Maneno kama hayo hata fundi atayatumia. Na asiposikia, wamama wanne wakisema pamoja watasikiwa.

Kikundi kitakachokodi gari mwezi huu kichague mama mmoja wa kusikiliza kabla ya kulipa. Nauli inalipwa baada ya jaribio la parkingi.