Mpwapwa, kwa Mgonjwa Asiyesema

Ndugu msomaji, ukitoka Dodoma kwa basi asubuhi, ukaifuata barabara ya Morogoro hadi Mbande, kisha ukaiacha na kushika njia ya Kongwa, utaiona nchi kavu ya Ugogo ikikusindikiza kwa mibuyu na miti ya miiba. Baada ya Kongwa milima hujitokeza mbele yako, na chini yake umelala mji wa Mpwapwa. Si mji wa makelele. Hata hivyo, zamani kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilitua hapa. Stanley naye alipita mwaka 1871. Walitua kwa ajili ya maji, kwani mbele yao ilikuwapo Marenga Mkali, nyika ya kiu, na aliyeiingia kwa pupa bila kupumzika wala kujaza vibuyu alijuta njiani.

Nakukumbusha habari hiyo kwa sababu jambo nililolikuta Mpwapwa linafanana nayo. Nimemwona daktari wa mifugo akitua moyoni mwake kabla hajamgusa mgonjwa.

Mji huu na mifugo ni chanda na pete. Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha hapa maabara ya magonjwa ya mifugo, na kazi ya utafiti ingaliko hata leo. Hapa ndipo alipozalishwa ng'ombe aitwaye Mpwapwa, mwenye damu ya Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi iliyochanganywa na ya ng'ombe wa kwetu, ili atoe maziwa na nyama katika nchi yenye mvua haba. Tena hii ni nchi iliyoonja sotoka, maradhi yaliyofagia mazizi miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake. Dunia ilitangaziwa mwaka 2011 kwamba sotoka imetokomezwa. Kwa watu wenye historia ya namna hiyo, ng'ombe aliyelala asubuhi bila kuamka ni msiba wa nyumba nzima.

MASIKIO YA BARIDI

Msiba wa namna hiyo ndio uliotuita siku ile. Nilifuatana na daktari mmoja, mtu wa makamo, aliyeniomba nisilitaje jina lake. Pembezoni mwa mji tulimkuta mama mmoja akitungojea mlangoni pa zizi, khanga ameifunga kiunoni.

"Karibu, daktari. Amezaa salama jana magharibi, lakini leo hawezi kusimama. Nadhani ni homa."

"Pole sana, mama," daktari alimjibu, kisha akanyamaza.

Mimi nilitazamia afungue mkoba. Hakuufungua. Aliuweka chini, akasimama hatua tatu mbali na ng'ombe, mikono nyuma, akavuta pumzi taratibu mara tatu. Kisha akatazama. Ng'ombe, chotara mweusi na mweupe, alikuwa amelala kifudifudi, shingo ameipinda na kichwa amekilaza ubavuni. Pua yake ilikuwa kavu. Zilipita kama dakika mbili, nami nilianza kuona haya kwa niaba ya daktari, kwa maana mama yule alikuwa akimkodolea macho.

Ndipo alipoinama na kuyashika masikio. Yalikuwa ya baridi. Kipimajoto kikaonyesha chini ya nyuzi 38, hali ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na nusu. Akaweka sikio ubavu wa kushoto asikilize tumbo kubwa, ambalo hunguruma mara moja au mbili kwa dakika. Palikuwa kimya.

"Hii huitwa homa ya maziwa," aliniambia, "lakini mwili haupati joto, unapoa. Jina lenyewe linadanganya. Madini ya kalsiamu yamekimbilia kwenye maziwa, damu imebaki na upungufu, na misuli imelegea."

Dawa yake ni maji ya kalsiamu katika mshipa. Lakini fahamu, msomaji, kwamba dawa hiyo ikiingia kwa haraka yaweza kuusimamisha moyo. Basi mkono mmoja ulishika chupa, na mwingine ulikibana chombo cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha ng'ombe. Simu ililia mfukoni mwake ikachoka. Kila mapigo yalipokwenda mrama aliishusha chupa ili dawa iende polepole, na yalipotulia aliiinua tena. Baada ya muda misuli ya mapaja ilianza kutetemeka, ng'ombe akacheua, akanya, na haikutimia nusu saa akasimama. Daktari akamwagiza mama asimkamue akamaliza maziwa yote siku hiyo.

KUFIKA KABLA YA KUFIKA

Njiani alinisimulia habari iliyomfundisha. Miaka mingi nyuma alifika zizini akiwa amechoka kwa miito mitano. Mwenye ng'ombe akamwambia ni homa, naye akachoma sindano ya ndigana kali. Jioni ng'ombe alikuwa amekufa. "Sikuyashika masikio," alisema. "Nilimsikiliza mwenye ng'ombe, ng'ombe mwenyewe sikumsikiliza."

Tena akanikumbusha kisa cha Robert Koch, mwanasayansi aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza damu ya ng'ombe kwa hadubini. Aliviona vidudu vya ndigana kali, lakini akavidhania kuwa vichanga vya ugonjwa mwingine alioujua tayari, ule wa kukojoa damu. Ilipofika mwaka 1904 ndipo Arnold Theiler, huko Afrika Kusini, alipobainisha kwamba ni ugonjwa mbali. "Ikiwa Koch aliweza kuona kilichomo kichwani mwake," daktari aliuliza, "je, mimi niliyechoka?"

Tangu hapo, kila afikapo langoni huzima pikipiki, husikia nyayo zake ardhini, huvuta pumzi tatu, ndipo aingie. Huko Marekani Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafundisha wagonjwa wa hospitali ya Massachusetts kuirudisha akili kwenye pumzi, kwa njia zilizotokana na mafunzo ya Kibudha. Nao madaktari wa mifugo wanahitaji kimbilio. Uchunguzi uliochapishwa nchini humo mwaka 2019 ulionyesha kwamba vifo vya kujiua vimekuwa vingi zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa watu kwa jumla. Mtu huyo leo anazalisha, kesho anaombwa akatize uhai. Daktari wetu anasema siku ya kukatiza uhai hakimbilii pikipiki. Hubaki na mwenye mnyama mpaka wote wawili wavute pumzi.

Wewe uliyeko Manzese au Magomeni huenda huna ng'ombe. Lakini labda unaye mtoto mchanga anayelia usiku, naye hajui kusema wapi panapouma. Kabla hujapapasa dawa kabatini, yashike masikio yake kwanza, umtazame.

Na ukifika Mpwapwa ukamwona mtu amesimama zizini, mikono nyuma, mkoba chini, usimdhanie mvivu. Kazi imekwisha kuanza.