Meza ya Dawa Isiwe na Swali la Msituni

Hapa Isansa, wilayani Mbozi, nalima kahawa. Kabla ya hapo nilikuwa askari wa JWTZ, na zamu yangu ya Kongo niliitumikia Beni, upande wa uhusiano na raia. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa nagawa biskuti na madaftari.

Brigedi yetu ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilizaliwa na Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Machi 2013, ikiwa na ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha. Ruhusa hiyo ilituletea sifa waasi wa M23 waliposhindwa Novemba mwaka huohuo. Ilituletea pia ugumu. Mashirika ya misaada hayakutaka magari yao yafuatane na yetu, maana ukisindikizwa na anayepigana, nawe utahesabiwa upande wake. Wenzangu wengine walikasirika. Mimi naona mashirika yalikuwa sahihi: ofisa wa haki za watoto na mpiga mzinga wote walipanda gari jeupe lenye herufi UN, mwanakijiji angewatofautishaje?

Kiswahili kilitusaidia mno. Mama wa sokoni alikueleza shida yake bila mkalimani, na hapohapo ndipo penye hatari. Daktari wa jeshi anampima mtu shinikizo la damu, pembeni ofisa mwingine anatamani kumuuliza waasi wa ADF walipita wapi msituni. Sisi jioni tunarudi kambini. Yeye analala kijijini, na wauaji wana masikio. Ndiyo maana nilishikilia kwamba kwenye dawa pasiulizwe lolote la msituni. Mwenye neno alijua kulipitisha kwa mkuu wa kijiji.

Dawa za bure nazo zina lake. Ukitibu bure siku mbili, muuguzi wa pale, ambaye kituo chake kinaendeshwa kwa malipo madogo ya wagonjwa, anakaa bila watu. Heri umkabidhi yeye dawa, atibu yeye.

Lakini wakulima walichotuomba kuliko vyote ni doria wakati wa mavuno. Beni ni nchi ya kakao na kahawa, na tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014 watu waliyaogopa mashamba yao wenyewe. Mtu wa Mbozi hahitaji kuelezwa hasara ya kahawa iliyoivia mtini bila mchumaji. Doria katika barabara ya Mbau–Kamango ilikuwa na maana kuliko darasa tulilopaka rangi, ingawa darasa ndilo lililopigwa picha. Na doria ina gharama: kambi ya Semuliki iko kwenye barabara hiyo, na tarehe 7 Desemba 2017 askari 15 wa Tanzania waliuawa pale.

Naulizwa kama tulifanikiwa. M23 waliiteka tena Goma Januari 2025, na Beni watu wameendelea kuuawa. Sisi njia tuliifungua. Mahakimu, polisi na mishahara ya askari wa Kongo, vilivyopaswa kufuata nyuma yetu, havikufika vya kutosha.